Nyumba ya Vitambaa ya Kumzuia Mama

Jumatano, 4 Juni

Dada kapiga simu. Hakusalimia vizuri. Dada akitaka kukuchukulia kitu husalimia haraka haraka, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, yeye na Shemeji, na gari. Wanamchukua Mama akakae kwao. Moja kwa moja! Eti Mama hawezi kuendelea kupanda ngazi na macho yale, na bafuni alishaanguka. Eti chumba wameshakipaka rangi. Nikamwuliza rangi ya nini kwa mtu asiyeona. Akaomba azungumze na Mama. Bao moja kwangu.

Nikampa Mama simu. Akaitikia ehee, ehee, akasema watazungumza wakifika. Hakukubali. Hakukataa.

Mama ana miaka themanini na moja. Alishona sare za wauguzi miaka arobaini, na macho yakaisha kabla ya vidole. Sasa anaona mwanga na kivuli tu. Mimi ni kitinda mimba wake, nina hamsini na minne, na nimeishi humu ndani maisha yangu yote ukiondoa miezi kumi na minane ya ndoa, ambayo siihesabu.

Si kwamba naogopa kubaki peke yangu. Naliandika hilo hapa ili ijulikane. Namfikiria Mama.

Baada ya chakula cha mchana nikapata wazo. Juu ya kabati kuna picha ya vitambaa niliyoianza miaka miwili iliyopita kwenye darasa la ushonaji. Ni picha ya nyumba yetu hii hii. Vipande nilivikata na kuvipanga, kisha nikaacha. Nitaimaliza. Nitaitundika ukutani mbele ya kiti cha Mama, pale ilipo picha ya Dada amevaa joho la chuo. Mama ataiona nyumba yake, moyo utamsokota, atamwambia Dada arudi na gari lake tupu.

Wazo zuri mno. Nimelala mchana kidogo kwa furaha.

Nimeamka. Mama haoni.

Alhamisi, 5 Juni

Haidhuru! Ataishika. Vidole vyake vinajua tofauti ya nyuzi mbili za rangi moja. Hata kasoro hii imegeuka kuwa faida. Nina kichwa, mimi.

Nimeishusha picha. Upana wa mita moja, urefu karibu sawa na huo. Ukuta wa nyumba nilikata kwenye pazia la zamani. Paa ni kodrai ya kahawia, suruali ya marehemu Baba. Mlango ni turubai ya kijani. Ngazi tatu za mbele ni kitambaa kizito cha koti. Dirisha lesi. Mlimau wa uani, majani ya satini. Mwalimu wa darasa alituagiza tulete pamba tupu, vitambaa vingine vitatusumbua. Wenzangu wakaleta pamba tupu. Mimi nikaleta nyumba. Ndiyo maana picha zao zilikwisha, na yangu ikapanda kabatini.

Ushonaji wenyewe ni huu: kipande hukikunji pembeni. Unakibandika kwa gundi inayoyeyuka kwa pasi, kisha unapitisha mshono karibu na ukingo, na ukingo unabaki wazi, unatoa nyuzi kidogo kama manyoya. Ndio urembo wake. Halafu unaweka pamba nene chini yake, na kitambaa cha nyuma chini ya pamba, unashona tabaka zote tatu pamoja.

Nikapasha pasi. Kodrai inataka moto, satini haitaki. Nililijua hilo. Nikalisahau. Majani manne ya mlimau yakayeyuka na kung'ang'ania pasi. Nikaikwangua kwa kisu, nikaona imetakata, nikapiga pasi blauzi nyeupe ya Mama.

Blauzi sasa ina jani. Mama hajui. Ameniuliza harufu hiyo ya nini, nikamwambia ni jirani anachoma taka.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeanza kushona kingo kwa cherehani ya Mama, ile ya kukanyaga. Mama alikuwa sebuleni na redio yake. Akazima redio. Akauliza nashona nini. Nikasema shuka. Akasikiliza kidogo, akasema shuka huenda moja kwa moja hadi mwisho. Hii cherehani inazungukazunguka kama mbuzi aliyepoteza kamba.

Nikamwambia ni shuka lenye maua.

Akaja kwa kupapasa ukuta, akaweka kidole juu ya paa la Baba. Kidole kikatembea ukingoni. Kikasimama. Akasema hujakunja. Nikamweleza kwamba ndiyo mtindo, kingo huachwa wazi makusudi, wanafanya hivyo mafundi wakubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, sina malalamiko. Kisha akasema: "Kumbe uvivu nao umepewa jina."

Miaka arobaini ya sare za wauguzi! Hakuna uzi mmoja uliowahi kuning'inia. Akarudi kwenye redio.

Sikukasirika. Nilivunja sindano mbili tu.

Jumamosi, 7 Juni

Siku mbaya. Naandika nikiwa jikoni, nimefunga mlango.

Asubuhi nilikwenda kwa Fundi Makochi kuomba pamba. Ni jirani wa nyumba ya tatu, anajaza makochi, na pamba anayo ya kufunika mtaa mzima. Alinikatia kipande kizuri. Bahati mbaya mkono wake haufanyi kazi bila mdomo. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia. Akauliza Dada anakuja lini. Nikamwambia. Akaniuliza mimi nitabaki na nani. Nikamjibu kwamba Mama haendi popote, sasa nitabaki vipi? Akasema haya, jirani. Ile haya ya kukunja midomo. Siipendi. Akajitolea kunishonea kwa cherehani yake kubwa, dakika ishirini kazi imekwisha. Nikakataa. Mama atajua mkono si wangu.

Kumbe picha niliiacha juu ya kiti cha Mama.

Nimerudi, nikamkuta amekaa nayo mapajani, mtulivu, uso umekunjuka, sijamwona hivyo tangu mwaka jana. Pembeni yake kuna rundo la nyuzi za kahawia, amelikusanya vizuri kama kiota cha ndege. Alikuwa anasafisha kingo. Uzi mmoja mmoja! Kodrai ukiivuta uzi inakupa na ndugu zake. Nusu ya paa la Baba imekwisha, imeliwa hadi ndani ya mshono, pazia linachungulia.

Akanitabasamia, akasema: "Nimekupunguzia kazi, Kitinda. Ilikuwa imejaa nyuzi."

Nikamwambia ahsante Mama. Nikaja huku. Nimeosha sufuria tatu zilizokuwa safi.

Jumapili, 8 Juni

Nimefumua paa kwa wembe na kubandika lingine kwenye mguu wa pili wa suruali. Baba alikuwa mrefu, Mungu amrehemu. Safari hii nimepitisha mshono wa kwenda upande na kurudi, uliobanana. Hata Mama hatalimaliza kabla ya Krismasi.

Dada akapiga simu jioni. Akaongea na Mama dakika arobaini. Na mimi? Mimi huniuliza kama dawa za Mama zipo. Mama alicheka mara sita. Nilihesabu. Mimi nipo naye kila siku na wiki nzima hii kanicheka mara moja, na ilikuwa nimejigonga.

Nikasikia akimwambia Dada kwamba mdogo wako ananishonea matambara. Dada akataka apigiwe picha ayaone. Mjanja! Nikampelekea picha ya mto wa kiti. Akajibu, mzuri sana mdogo wangu. Hata hajashtuka kwamba mto huo alinipa yeye.

Jumatatu, 9 Juni

Mkakati wa pili, kwenda sambamba na wa kwanza. Dada ana silaha ya bafuni. Nitamnyang'anya. Nimenunua mkeka wa mpira usioteleza na kuutandika sakafuni. Nikafunga na kamba nene kutoka kwenye bomba la sinki hadi kwenye kitasa cha mlango, mtu ashike. Nikaingia kuujaribu uimara wake.

Mkeka hautelezi ukiwa mkavu.

Nilishika kamba. Kamba ikashika kitasa. Kitasa kikaja. Mama akauliza kutoka sebuleni nani kaanguka. Nikasema sufuria. Akasema: "Sufuria haiiti mama yake."

Akaja mlangoni, akaniambia nisiinuke haraka, nisubiri kizunguzungu kipite. Akanishikilia bega kwa mkono wake ule mkavu mpaka nikasimama. Yaani mtu wa miaka themanini na moja, kipofu, ameniinua mimi kwenye bafu ambalo nataka kuthibitisha kwamba ni salama kwake.

Goti limevimba. Mkeka nimeuficha. Dada asijue kitu.

Jumanne, 10 Juni

Leo kuunganisha tabaka. Unatandaza kitambaa cha nyuma sakafuni, juu yake pamba, juu yake picha, unabana kwa pini za kufungia nepi kila penye upana wa kiganja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi goti halikunjiki. Nimefanya kazi yote kwa tumbo, kama mamba. Pini sitini na nane. Nikajikokota hadi kwenye kiti, nikavuta picha. Zulia nalo likaja.

Kufungua. Kubana upya.

Saa tisa nikaanza kushona katikati kuelekea nje, maana ukianzia pembeni pamba hukimbilia katikati ikafanya nundu. Goti la kulia haliwezi kukanyaga, nikakanyaga kwa mguu wa kushoto, nimekaa upande upande. Nilifika mbali. Mawingu yote, na njia ya kuja mlangoni. Mshono ulinyooka. Nikajisifu kwa sauti.

Mlango ukagongwa. Nikainuka. Nyumba ikainuka na mimi. Nimeshona gauni langu pamoja na ngazi zote tatu!

Wa mlangoni hakukoma kugonga. Nikaenda hivyo hivyo, nyumba inaning'inia kiunoni, miguu ya cherehani nimeikwepa kwa neema tu. Alikuwa Fundi Makochi na kipande cha pamba cha ziada. Akanitazama kuanzia paa hadi ngazi. Akasema: "Jirani, hapo hata wakikuvuta kwa gari hutoki."

Nilifunga mlango. Pamba niliichukua kwanza.

Mama alikuwa anacheka. Na hii nimeihesabu. Mara mbili.

Jumatano, 11 Juni

Sijui niandikeje ya leo.

Nilikuwa natengeneza yaliyoharibika jana. Gauni nimelikata, limebaki na tundu. Mama akaleta kigoda chake kutoka jikoni, akakaa kando ya cherehani. Sikumwita. Nikashona. Baada ya dakika mbili akaniambia uzi wa chini umelegea. Nikageuza kitambaa. Kweli, nyuma kulikuwa na vitanzi kama ndevu. Amesikia! Nikakaza. Akatega sikio, akasema bado kidogo. Nikakaza tena. Akasema hapo.

Tukaenda hivyo hadi mchana. Mimi nakanyaga, yeye anasikiliza. Pamba ikawa inainuka kati ya mishono, vigae, mawe ya njia, kila kitu kimepata mwili. Akaanza kuishika. Akauliza hiki nini, nikamwambia dirisha la chumba chake. Na hiki? Mlimau. Akachezea majani, akasema mbona upande huu hauna majani. Nikasema ni kiangazi.

Akafika mlangoni. Akapapasa kitasa, kifungo kidogo nilichokishona. Akasema mlango wetu kitasa kiko kushoto.

Nikatoka nje kwenda kuangalia. Kiko kushoto. Miaka hamsini na minne nafungua mlango huu!

Nikakihamisha. Akapandisha vidole kwenye ngazi, moja, mbili, tatu, polepole, kama anavyopanda mwenyewe. Kwenye ya tatu akasimama. Akasema ya tatu ina ufa, Baba yenu alidondosha mtungi wa gesi, na huo ufa ndio unaomwambia kwamba amefika, mlango uko mbele yake. Nikachukua mkasi nikaupasua ufa. Kingo wazi. Akaupima kwa ukucha. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hajasema tena habari ya uvivu.

Akataka tanki la maji. Nikakata tanki. Akataka kamba ya kuanikia. Nikamwekea kamba kweli, na shati la ukubwa wa kidole. Kila alichotaka nilimpa. Ameshika mkono wangu pale kwenye meza ya cherehani, akaukalisha juu ya pembe ya kitambaa niliyokuwa naiinua, kama alivyonifundisha nikiwa na miaka saba.

Nyumba imemwingia. Naona wazi. Ataiachaje? Dada amekwisha.

Ijumaa, 13 Juni

Jana pindo, leo kutundika. Pindo ni kitambaa chembamba kinachozunguka pande zote na kufunika tabaka. Pembe tatu zimetoka vizuri. Ya nne tutaielekeza kwenye kabati. Nyuma nimeshona mfuko mrefu wa kupitishia fimbo ya pazia.

Kisha nikaishusha picha ya Dada. Ina vumbi juu ya kioo ambalo kwa kweli ni kazi yangu kulifuta. Nyuma yake ukuta ni mweupe kuliko sehemu nyingine, mstatili safi, utadhani bado yupo. Nikaiweka nyuma ya kabati la nguo la Mama. Niliisukuma kidogo. Ikalia. Ufa umepita kwenye joho, uso haukuguswa, kwa hiyo si mbaya.

Misumari miwili. Fimbo. Nyumba imekaa.

Nikamshika Mama mkono, nikamsimamisha mbele yake. Akaanza chini, kwenye njia, mikono yote miwili, akaenda hadi ngazini, akapanda, akapata ufa, akapata kitasa. Akazunguka uani hadi kwenye mlimau. Akapita kwenye kamba. Akafika kwenye paa la Baba, akalaza kiganja pale, akakaa nacho. Muda mrefu. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, sikuthubutu kumletea kiti.

Alipogeuka mashavu yalikuwa yamelowa. Akasema sasa moyo umetulia.

Umetulia! Hapa! Humu ndani!

Nimejaribu kwenye kioo uso wa kesho. Wa mshangao, na huruma kidogo kwa Dada. Nitawapa chai. Shemeji nitamfungia na vitafunio vya njiani, asione hasara ya mafuta.

Jumamosi, 14 Juni

Walifika saa nne. Dada amenenepa. Shemeji akanisalimia kwa mikono miwili kama kwenye msiba, ningeelewa hapo hapo kama ningetaka.

Dada akaona ukuta. Akaishika nyumba, akapanda ngazi kwa vidole kama Mama. Akasema mdogo wangu, umeshona wewe? Akaanza kulia, yeye ndiye wa kulia siku zote. Akaulizia, kwa sauti ya kawaida tu, picha yake iko wapi. Nikasema nimeipeleka kubadilishiwa fremu.

Tukakaa. Dada alikuwa amejiandaa, ana hotuba, ameitoa na karatasi ya daktari. Mama akamnyanyulia mkono.

Nitaandika alivyosema kwa sababu sitaki kukumbuka vibaya.

"Acha karatasi. Nilikuwa nimepanga kukukatalia. Toka ulipoligusia mwezi wa nne nimepanga. Si kwamba sikupendi, mwanangu. Naogopa. Hapa kila kitu kiko mkononi, najua nilipo. Kwako ningeamka nisijue mlango uko wapi wala mimi ni nani. Nikasema bora nianguke kwangu." Akageuka kwangu. Kwenye kivuli changu. "Sasa mdogo wako ameniundia nyumba ya kubeba. Nitaitundika kando ya kitanda. Nikiamka naweka mkono, nimefika. Nitakwenda."

Nikasema Mama.

Akasema: "Hukulala kwa ajili yangu, Kitinda. Nilikuwa nasikia cherehani. Nilijua unaniandalia safari, na hukusema, usinitie simanzi. Mungu akulipe."

Nikasema karibu Mama. Ndicho kilichotoka.

Dada akanikumbatia mbele ya watu. Akaniambia chumba cha pili kipo, kina kitanda, niende pia, hata kesho. Sauti yake ilikuwa nzuri. Ile ile aliyonibembelezea nilipotoka kwa mume, nikaichukia vivyo hivyo. Nikamwambia siwezi, nina kazi nyingi za watu, oda hadi mwezi wa kumi. Shemeji akaangalia cherehani, meza iliyo tupu, kalenda isiyo na alama hata moja, akasema eeh, biashara ikishika ni hivyo hivyo.

Saa nane Shemeji akavuta kabati apate sanduku la Mama. Akatoka na picha ya Dada mkononi. Dada akautazama ule ufa. Nilingoja aseme. Nilikuwa na majibu matatu. Aliifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake, akairudisha nyuma ya kabati taratibu, akaniuliza kama kuna sabuni ya kuoshea vyombo.

Afadhali angenipiga.

Jumapili, 15 Juni

Walilala hapa, wamekwenda saa tatu asubuhi.

Dada alitaka kuikunja nyumba mara nne kama blanketi. Nikampokonya. Haikunjwi, itapata makovu! Inaviringishwa kwenye bomba la karatasi, uso ukiwa nje. Nikaviringisha mwenyewe, nikafunga kwa vipande vya kitambaa, nikaibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Ndiyo. Mimi ndiye niliyeipakia.

Mama akakataa isiwekwe nyuma na masanduku. Akaipakata. Alikuwa amevaa ile blauzi yenye jani.

Akanivuta kichwa dirishani. Nikadhani atanibariki. Akanipapasa uso wote, paji, pua, mdomo, kama anatafuta mahali pa kuanzia, akasema uzi wa juu huwa nakaza mno, nipunguze. Nikasema sawa Mama. Akasema na chakula nile nikiwa nimekaa. Nikasema sawa. Gari likatoka. Alikuwa anapunga mkono upande usio wangu.

Nimerudi ndani. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Nimeiacha iongee.

Kumbe chai yao nzima ilikuwa kwenye chupa, hakuna aliyeinywa. Nimekunywa vikombe vinne. Nimekaa.

Jumatatu, 16 Juni

Hakuna cha kuandika. Mvua.

Jumanne, 17 Juni

Mama kapiga simu! Amelala vizuri siku zote mbili. Nyumba iko kando ya kitanda, Shemeji ameitundika chini kidogo ili aifikie akiwa amelala. Ameshawaonyesha wajukuu kitasa kiko upande gani. Alikuwa na sauti ya msichana. Sikuweza kumkatiza.

Nilipokata simu nikazungukazunguka ndani, ukumbini, jikoni, ukumbini. Na jikoni ndipo nilipopata jibu. Mjinga mimi! Mkakati haukuwa mbaya hata kidogo. Kilichoharibu ni kwamba nilishona nje. Nani anatamani nje ya nyumba? Nje ni kwa wapita njia. Mtu hutamani ndani!

Nitashona jiko. Mita moja na nusu, kubwa kuliko ile. Jiko la gesi na vifungo vyake, rafu, sufuria zote tano, kigoda alichokalia Jumatano. Nitampelekea kwa mkono wa dereva wa basi. Ataligusa, atashikwa na hamu asiyoiweza, wiki haitaisha, Dada atampakia mwenyewe amrudishe. Nampa siku kumi. Kumi na mbili kama barabara mbaya.

Nimekwenda kwa Fundi Makochi kuchukua pamba. Akanikatia. Akaniuliza, kwa upole, nikishampelekea na jiko, Mama atarudi kufuata nini? Nikamwambia abaki na makochi yake, mambo ya mama na mtoto hayamhusu. Akasema haya, jirani.

Hana akili ya mipango, yule.

Nimeshakata sufuria mbili na kigoda. Uzi wa juu nimeukaza vizuri. Na safari hii nimeamua kujiweka na mimi mwenyewe humo humo, nimesimama kando ya jiko, saizi ya mkono mmoja, ili akinigusa tu ashindwe kuvumilia. Gauni lile lenye tundu linatosha kunitoa mwili mzima. Uso nitautafutia flaneli laini.